Unaponunua boti kuukuu, usihadaiwe na rangi

BOTI ya injini iliyotumika kwa miaka 20 au 30 huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya boti mpya ya ukubwa huo. Ndiyo maana vyombo vya aina hiyo, vikiwemo vya kuvua samaki kwa ndoana, vya kutembeza watalii na yoti za starehe, huwavutia wanunuzi katika hori za Mtwapa na Kilifi na huko Watamu na Shimoni.

Hata hivyo, bei ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama. Asiyekagua vyema huenda akatumia pesa nyingi zaidi kufufua injini mbili kuliko alizolipa kununua chombo chenyewe. Kibaya zaidi, huenda hitilafu ikajitokeza akiwa nje ya mwamba, pamoja na abiria waliomwamini. Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Bodi na sitaha

Boti nyingi za starehe zilizoundwa tangu miaka ya 1960 ni za faiba. Faiba haiozi kama mbao, lakini hunywa maji. Chombo kikikaa majini kwa miaka mingi, hasa katika bahari yenye joto, maji hupenya polepole tabaka la nje na kuyeyusha kemikali zilizobaki ndani. Matokeo yake ni malengelenge chini ya bodi ambayo, yakitobolewa, hutoa majimaji yenye harufu kama ya siki. Malengelenge machache si sababu ya kuikataa boti, bali ni hoja ya kupunguziwa bei. Yakitapakaa bodi nzima, matengenezo yake huchukua muda mrefu na fedha nyingi.

Hatari iliyojificha zaidi imo katika sitaha, kwenye mataruma na katika ubao wa tezi. Sehemu hizo aghalabu huwa na mbao ndani ya faiba. Maji hupenyeza kupitia matundu ya skrubu yasiyozibwa vizuri, kisha mbao zikaoza bila mtu kuona. Gongagonga kwa nyundo ndogo ya plastiki. Sauti kavu na kali ni dalili ya uzima, ilhali sauti nzito iliyofifia huashiria maji au uozo. Sitaha inayobonyea chini ya mguu imekwisha kutoa ushahidi wake.

Ni lazima chombo kitolewe majini ili kikaguliwe chini. Pasipokuwa na kreni, boti ndogo ambayo umbo lake linaruhusu inaweza kuegeshwa mchangani, kwa kuwa wakati wa bamvua maji ya pwani ya Kenya hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Chunguza rafadha, shafti, usukani na vipande vya zinki vinavyokinga vyuma vingine dhidi ya kutu. Kagua kila vali iliyo chini ya maji. Vali ya shaba ya manjano iliyogeuka rangi ya waridi imeliwa na chumvi na huenda ikavunjika kwa pigo dogo. Vali moja iliyovunjika yatosha kuzamisha boti ikiwa imetia nanga, bila mtu ndani.

Injini

Fika kabla muuzaji hajawasha injini, uiguse na kuhakikisha ni baridi. Injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta: mafuta yenye rangi ya maziwa yamechanganyika na maji.

Injini ya dizeli ikiwaka, tazama moshi. Moshi mweusi usiokoma huonyesha kuwa injini inaelemewa, haipati hewa ya kutosha au ina hitilafu katika mfumo wa mafuta. Wa buluu ni wa oili inayoungua. Mweupe unaoendelea hata baada ya injini kupata joto huenda ukawa wa dizeli isiyoungua, au wa maji yaliyoingia pasipostahili. Aidha, omba kiungo ambapo maji ya bahari huchanganyika na moshi kifunguliwe, kwani kikiliwa na kutu maji huweza kurudi ndani ya injini.

Katika boti ya petroli, kumbuka kwamba mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutuama ndani ya ngama. Cheche moja yaweza kuilipua boti nzima. Kadhalika, angalia tangi limewekwa wapi, kwani katika boti nyingi haliwezi kubadilishwa bila kukata sitaha.

Majaribio baharini

Kuzunguka horini kwa dakika 10 hakutoshi. Toka hadi penye mawimbi kwa muda wa saa moja hivi, ukiwa na uzito wa kawaida wa watu na mafuta. Injini ikipewa mafuta yote yapaswa kufikia mizunguko iliyotajwa na mtengenezaji bila joto kupanda kupita kiasi. Mkirejea, funua ngama na utazame kama maji yameongezeka.

Hati na madeni

Linganisha nambari za bodi na za injini na zile zilizomo katika hati za usajili, na uthibitishe usajili huo kwa Halmashauri ya Bahari nchini, KMA. Iwapo chombo kilitoka ng'ambo, dai uthibitisho kwamba ushuru wa forodha ulilipwa. Zingatia pia kwamba katika sheria ya bahari, madeni mengine, kama mishahara ya mabaharia, hufuata chombo hata kikiuzwa.

Hatimaye, mwajiri mkaguzi wa vyombo vya baharini umlipe wewe mwenyewe. Asiwe mtu aliyeletwa na muuzaji. Ukitoa malipo ya awali, mkataba useme bayana kwamba utarudishiwa pesa iwapo ukaguzi au majaribio yatafichua kasoro kubwa. Muuzaji akikataa boti kutolewa majini au kujaribiwa, tafuta nyingine.