Matembele ya Chamazi

Katika Chamazi, wilayani Temeke, mboga ya chajio aghalabu huchumwa moto ukiwa umekwisha kuwashwa. Daladala za kutoka Mbagala Rangi Tatu huwashusha watu giza likiingia, na aliyechelewa kurudi hana haja ya kwenda tena sokoni. Nyuma ya nyumba, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, matembele yametambaa. Huchumwa konzi mbili tatu, vikonyo vikamenywa. Kitunguu na nyanya vikakaangwa, majani yakatiwa, kisha tui, na mwisho ndimu. Ugali ukisongwa, mboga nayo imeiva. Yote hayo hayafiki nusu saa.

Wengi hukiita chakula cha shida. Mgeni akipiga hodi, mwenye nyumba humwomba radhi kwa kumwandalia majani matupu. Radhi hiyo haina sababu. Majani hayo yana madini ya chuma na vitamini A, mafuta ya nazi huusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo, na ndimu huusaidia kuyapokea madini. Tena, kama heshima ya chakula ingepimwa kwa urefu wa safari zake, sahani hii ingekaa safu moja na pilau.

Matembele ni majani ya kiazi kitamu, na kiazi kitamu asili yake ni Amerika. Huko ndiko yalikotoka pia mahindi, muhogo, karanga, nyanya na pilipili, vilivyovuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, vingi vyavyo katika majahazi ya Wareno. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu wakila zaidi ndizi na samaki, nafaka wakiletewa kutoka pwani ya bara. Hata Vasco da Gama alipopita mwaka 1498, hapakuwa na mpishi wa Mrima aliyewahi kusonga ugali wa mahindi. Ugali wa zama hizo ulikuwa wa mtama na uwele. Mnazi ulikuwa mwenyeji wa siku nyingi, nao pia ulikuja na mabaharia, kutoka upande wa mashariki ya Bahari ya Hindi.

Lugha imeyahifadhi haya kwa namna yake, na mara nyingine imeyapotosha. Mahindi yamebeba jina la Uhindi, yakiwa si ya Uhindi. Pilipili ya Amerika ilipokuja ilikuta jina limekwisha kutengenezwa na wafanyabiashara wa pilipili manga, ikalivaa. Nyanya chungu, mzaliwa wa Afrika hii hii, imegawana jina na nyanya nyekundu iliyotoka mbali, na leo mtu akitaja nyanya tu, mgeni ndiye anayefahamika. Sukuma wiki nayo haikutaka fumbo: jina limeeleza kazi yake.

Lakini kwa nini matembele, si kisamvu? Muhogo umeota kila kiwanja cha Chamazi, na kisamvu cha nazi ni kitamu kuliko. Ila jani la muhogo lina sumu. Sharti litwangwe, lichemshwe muda mrefu, ndipo liungwe. Kazi hiyo huhitaji mtu aliyeko nyumbani tangu alasiri, naye siku zote alikuwa mwanamke. Ukame na upungufu wa chakula wa miaka ya 1973 hadi 1975, kisha mishahara iliyoporomoka katika miaka ya 1980, viliwatoa wanawake wengi wa Dar es Salaam wakauze maandazi, samaki na wali wa mama ntilie. Ndiyo miaka ya foleni, na ya ule unga wa njano wa msaada ambao watu, kwa mzaha wa mpira, waliuita unga wa Yanga. Hata wenye ajira serikalini walilima kando ya nyumba zao. Mchi ukapumzika siku za kazi. Wanaousifu wepesi wa chajio hiki ni vema wakumbuke ni nani aliyeulazimika.

Chamazi ya wakati huo ilikuwa mashamba: mikorosho, minazi, mihogo. Mji uliifuata kwa kupitia Barabara ya Kilwa. Mwishoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya wakazi walioondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walijichanga katika umoja wao wakanunua ekari 30 hapa ili wajenge. Viwanja vimezidi kukatwa na kuzungushiwa kuta, na ua ulio saruji tupu hauoti kitu. Asiye na ua hununua fungu sokoni, nalo huenda limemwagiliwa maji ya Bonde la Msimbazi, ambako wachunguzi wamekuta metali zenye sumu katika mboga. Jani ni lile lile, na pishi ni lile lile, lakini afya aliyoitarajia mlaji imebaki mtoni.

Ndiyo maana anayehamia kiwanja kipya, kabla hata ya kupaua, huomba marando kwa jirani. Huyafukia mchangani penye unyevu, akayamwagia maji ya vyombo. Mvua zikiwahi, baada ya wiki chache huchuma.