Bustani ya Sandton iliyomficha Mandela

Katikati ya Sandton, kaskazini mwa jiji la Johannesburg, imesimama sanamu ya shaba ya Nelson Mandela yenye urefu wa mita 6. Ilizinduliwa mwaka 2004 katika uwanja uliozungukwa na maduka ya kifahari.

Kilomita chache kutoka hapo, katika mtaa wa Rivonia, ipo bustani ambako mtu huyo huyo aliwahi kujitahidi asionekane.

Mahali hapo panaitwa Liliesleaf. Mwaka 1961 palikuwa shamba nje kidogo ya mji, na Chama cha Kikomunisti, kilichokuwa kimepigwa marufuku, kililinunua kwa siri. Kwa majirani, hiyo ilikuwa nyumba ya familia ya kizungu pamoja na watumishi wake.

Mmoja wa watumishi hao alijulikana kwa jina la David Motsamayi. Alivaa ovaroli ya buluu, akatunza mazingira na kuwaandalia chai mafundi waliokuwa wakiikarabati nyumba. Nao walimwamrisha kama walivyozoea kumwamrisha mtumishi yeyote mweusi.

Hawakujua kwamba wanamtuma wakili wa ukoo wa kifalme wa Wathembu, aliyelelewa Mqhekezweni katika makao ya mtawala Jongintaba Dalindyebo.

Wafalme wa Ulaya walitengeneza bustani ili waonekane. Mjini Paris, Louis XIV alimwagiza André Le Nôtre aipange upya bustani ya Tuileries, yenye njia pana zilizonyooka, ili kila apitaye atambue mwenye nchi ni nani. Huko Rivonia mambo yalikuwa kinyume. Ubaguzi wa rangi wenyewe ndio uliokuwa maficho, kwani ni nani angejishughulisha kumtazama usoni mtumishi mweusi?

Hata hivyo, bustani hiyo ilimpa pia funzo. Siku moja, akijaribu shabaha kwa bunduki ya upepo, Mandela alimwua ndege. Mtoto wa nyumba ile, mwenye umri wa miaka mitano, alimlaumu, akisema mama wa ndege yule atahuzunika. Mandela, aliyekuwa akiandaa jeshi la ukombozi la Umkhonto we Sizwe, alikiri baadaye kwamba aliona haya: mtoto alikuwa na utu kumshinda yeye.

Januari 1962 aliondoka nchini kwa siri. Alifika Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Julius Nyerere, na baadaye akapata mafunzo ya kijeshi nchini Ethiopia. Huko Kanali Tadesse Biru alimzawadia bastola. Aliporejea mwezi Julai, aliifukia katika ardhi ya Liliesleaf.

Tarehe 5 Agosti alikamatwa karibu na Howick. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Julai, polisi waliojificha ndani ya gari la dobi walilivamia shamba hilo na kuwatia mbaroni Walter Sisulu, Govan Mbeki, Ahmed Kathrada na wenzao. Juni 1964, Mandela na wengine 7 walihukumiwa kifungo cha maisha.

Katika gereza la Robben Island, Mandela alilima bustani tena, na humo pia akafukia kitu: mswada wa maisha yake, alioandika usiku kwa siri. Mwaka 1977 askari jela waliufukua walipokuwa wakijenga ukuta. Adhabu yake ilikuwa kunyimwa ruhusa ya masomo kwa miaka minne. Lakini nakala yake ilikwisha kutoroshwa nje.

Liliesleaf ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2008, na mwaka 2021 ikafungwa kwa uhaba wa fedha. Sehemu kubwa ya shamba la zamani sasa ni makazi ya watu.

Kuhusu bastola ile ya Ethiopia, watafutaji wamechimba bila mafanikio. Bustani ya gerezani ilitoa siri yake; ya Rivonia bado imeikalia.