Saratani ya Titi: Kuwahi ni Jambo la Zamani

Leo tunazungumzia saratani ya titi, na tutaanzia mbali kidogo: Andalus, kwa tabibu Mwislamu Abul Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013. Katika kitabu chake cha tiba, al-Tasrif, alieleza kwamba saratani ikiwa ndogo, tena mahali inapoweza kuondolewa yote, kama titi, ikatwe mapema. Ikishakuwa kubwa, iachwe. Akakiri kwamba saratani iliyokwisha kukua hajapata kuiponya hata moja. Basi anayekwambia kwamba kuwahi hospitali ni mambo ya kizungu, mpe habari hii.

Hofu ya kisu nayo ina historia yake. Mwaka 1882 daktari William Halsted wa Marekani alianza kukata titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Mkono ulivimba, kifua kikabaki mbavu. Njia hiyo ilitawala kwa miaka mingi mno. Baadaye watafiti wa Marekani na Italia wakawafuata wanawake kwa miaka 20, na mwaka 2002 wakatoa majibu: uvimbe ukiwa bado mdogo, aliyeondolewa uvimbe tu kisha akapigwa mionzi huishi sawa na aliyekatwa titi lote. Lisikie vizuri hilo, mama. Anayejificha kwa kuogopa kukatwa titi ndiye anayefika wakati hakuna njia nyingine.

Utazame nini? Uvimbe titini au kwapani, mara nyingi usiouma, na kutouma huko ndiko kunakotudanganya. Ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa. Chuchu iliyoingia ndani, au inayotoa damu. Uvimbe mwingi si saratani, lakini kwa kugusa tu hakuna awezaye kujua, si somo wako wala mganga. Daktari huchukua kipande kidogo kwa sindano kikapimwe. Mtaani utasikia kwamba sindano hiyo husambaza ugonjwa, si kweli.

Kwetu visiwani kuna bahari na nauli. Atokaye Faza au Kizingitini hupanda boti hadi Lamu, hospitali ya King Fahd, na pengine avuke Mokowe akapande basi la Mombasa. Miaka ya 2000 hospitali ya umma yenye mionzi ilikuwa moja tu Kenya nzima, Kenyatta, Nairobi. Siku hizi mionzi iko Mombasa pia. Wengine hutiwa dawa za mshipani. Nywele zikikatika, huota tena. Wengine, ambao saratani yao hulishwa na homoni, humeza tembe za tamoksifeni kila siku kwa miaka 5 au zaidi.

Na ukiona haya, omba upimwe na mwanamke. Ikiwa zamu ni ya mwanamume, ingia pamoja na dada yako au mumeo.