Pembe Iliyorudi kwa Jina la Piano

Akaaye Buhare, karibu na mji wa Musoma, ana ziwa upande mmoja na mbuga za Serengeti upande wa pili. Ziwani zilipita meli zilizoleta bidhaa za ng'ambo. Mbugani wangali wanatembea tembo. Mambo haya mawili hayaelekei kuwa na uhusiano wowote, lakini mtu wa Buhare akitamani kununua piano kuukuu iliyo Uingereza au Marekani, atayakuta yote mawili katika hesabu yake. Bei aliyotajiwa ni ndogo. Gharama atakayoilipa mpaka chombo kifike mlangoni pake ni kubwa. Wahenga walisema rahisi ghali, ila hawakutuambia ughali huo hutoka wapi. Yafaa tuutafute asili yake, na kwa kuutafuta hatuna budi kurudi nyuma karibu miaka mia mbili.

Mwezi wa Septemba, 1833, Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba na Marekani, ulioletwa kwake na mjumbe Edmund Roberts. Kwa mkataba ule merikebu za Kimarekani zilitozwa asilimia 5 ya shehena iliyoteremshwa katika bandari za Sayyid, na ushuru huo ulitosheleza yote, ya kuingiza na ya kutoa. Waingereza nao walikubaliwa kiwango hicho cha asilimia 5 mwaka 1839. Forodha ya Unguja yenyewe ilikuwa imekodishwa kwa wafanyi biashara, na kwa miaka mingi mwenye kuikodi alikuwa Jairam Shivji. Merikebu za Salem zilileta nguo ambayo watu wetu waliiita merikani, jina linalotaja asili yake hata leo, nazo zikarudi na pembe za ndovu.

Pembe hizo zilikwenda wapi? Sehemu kubwa iliishia katika jimbo la Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, na jina la mji huu wa pili maana yake ni mji wa pembe. Huko zilikatwa kwa misumeno vipande vyembamba, zikaanikwa juani chini ya vioo hata zikawa nyeupe, kisha zikagundishwa juu ya vibao ambavyo mpiga piano huvigusa kwa vidole. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Marekani ya karne ya kumi na tisa, binti aliyejifunza nyimbo zake sebuleni aligusa kila siku kitu kilichotoka bara ya Afrika Mashariki, pasipo kujua. Nauli ya kuichukua pembe kutoka bara hadi pwani ililipwa kwa mabega ya wapagazi: wengi watu huru wa Unyamwezi waliotembea kwa ujira, wengine watumwa. Daftari la forodha lilihesabu uzito wa pembe. Vifo vya njiani havikuwa na safu yake.

Asidhani msomaji kwamba forodha ni jambo la makarani peke yao. Mwaka 1888 Sultani Khalifa alipoikabidhi Kampuni ya Kijerumani utawala wa pwani ya Mrima pamoja na mapato ya forodha zake, watu wa Pangani na miji mingine waliinuka, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wao mashuhuri. Sababu za vita ile zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni hii: mwenye kukusanya ushuru ndiye mwenye nchi, na watu walilifahamu jambo hilo vizuri.

Njia nazo zikabadilika. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani mwezi wa Desemba, 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo sasa ni Kisumu. Meli za ziwa zikapokea mizigo hapo, na bandari kama Mwanza na Bukoba, ingawa zilikuwa katika koloni la Wajerumani, zikafikia bahari kwa kupitia koloni la Waingereza. Njia ya reli kutoka Dar es Salaam haikufika Mwanza mpaka mwaka 1928. Kufikia 1927 Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa zimekwisha kuunganisha forodha zao, ikawa mzigo uliolipiwa Mombasa waweza kushuka Musoma bila ya kulipiwa tena. Umoja huo ulipata sura mpya katika Jumuiya ya mwaka 1967, ukavunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Mkoa wa Mara, ambao mpaka huo ni jirani yake, ulionja uchungu wa jambo lile kuliko mikoa iliyo mbali. Umoja wa forodha ulirudi mwezi wa Januari, 2005, chini ya Jumuiya ya sasa.

Na tuitazame hesabu. Thamani inayotozwa ushuru kwa mzigo wa baharini si bei peke yake, bali ni bei pamoja na nauli na bima hadi bandarini. Tuchukue mfano wa kufundishia tu: chombo kimenunuliwa kwa shilingi 300,000, nauli na bima ni 200,000, thamani ni 500,000. Tukikadiria ushuru wa asilimia 10, ni 50,000. Juu ya jumla hiyo ya 550,000 huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, nayo ni 99,000. Jumla ni 649,000, kabla ya tozo nyingine, malipo ya wakala, na gari la kutoka pwani mpaka Buhare. Angalia basi kwamba bahari nayo imetozwa ushuru: aliye mbali na muuzaji hulipa nauli, kisha hulipa kodi ya nauli ile. Sheria ya forodha ya Jumuiya huiacha nje nauli ya ndege katika kukadiria thamani. Kwa hiyo fidla yaweza kupata nafuu angani, ila piano yenye kilo 200 na zaidi haiwezi.

Liko na jambo la mwisho, nalo ndilo linaloufunga mviringo. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa mbele miongoni mwa nchi zilizotaka biashara ya pembe ipigwe marufuku duniani, na marufuku hiyo ikaanza kutumika mwaka 1990. Kwa ajili hiyo piano kuukuu yenye pembe haivuki mpaka pasipo hati maalumu. Mnunuzi asiyeuliza habari hizi kabla ya kulipa aweza kupoteza chombo na fedha pamoja. Pembe iliyotoka bila kizuizi wakati tembo walipokuwa wakichinjwa, sasa yaombewa ruhusa ili irudi.

Litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane na ngozi ya ng'ombe, halikupita forodhani kamwe. Hilo si sababu ya kuidharau piano, wala si hoja ya kufuta ushuru, kwa maana shule na barabara hujengwa kwa mapato. Ila lafundisha hili: chombo kinachotengenezwa kwetu hutugharimu kazi, na chombo kilichotoka kwetu kikiwa mali ghafi hutugharimu mara mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari. Pembe zetu zilipotea hivyo, kwa kuwa daftari lilikuwa mikononi mwa mwingine. Nasi tunaponunua leo, japo chombo kimoja kuukuu, tuanze kwa kuliandika wenyewe.