Gari la Viti Viwili na Karatasi za Mpakani

Mume na mke ndani ya gari dogo la wazi, turubai limekunjwa nyuma, wakizipanda kona za milima ya Alps kuelekea bahari ya Italia: picha hii imekuwa alama ya uhuru barani Ulaya kwa miaka mingi. Filamu ya Stanley Donen, Two for the Road, iliyotoka 1967, imesimama juu yake. Audrey Hepburn na Albert Finney wanaikata Ufaransa kuelekea kusini mara baada ya mara, katika vipindi tofauti vya maisha yao pamoja, na gari linapobadilika mtazamaji anajua kwamba ndoa nayo imebadilika. Wengi wanaosimulia historia ya safari za aina hii huanza na gari: nani alilibuni, injini yake ilikuwa na nguvu kiasi gani, liliuzwa kwa bei gani. Nadhani wanaanza pasipofaa. Gari la wazi lilikuwepo tangu siku ya kwanza ya magari. Vilivyochelewa ni vile ambavyo watu wawili hawawezi kujitengenezea hata wakipendana namna gani: barabara isiyotimka vumbi, siku za likizo zenye mshahara, hati ya forodha, bima inayokubalika ng'ambo ya mpaka, na ruhusa ya kutoka na fedha zao wenyewe. Hivyo vilijengwa na umma, polepole, kwa sheria na mikataba, na bila hivyo gari la viti viwili lingebaki kuzungukia mtaani kwake.

Ushahidi wa kwanza ni wa Agosti 1888, pale Bertha Benz alipoondoka Mannheim na wanawe wawili, Richard na Eugen, bila kumuaga mumewe Carl, akaendesha gari la magurudumu matatu lisilo na paa hadi Pforzheim kwa mama yake, mwendo wa kilomita mia moja na ushei. Safari hiyo husifiwa, na inastahili, kama ushindi wa mwanamke mwenye akili na ujasiri. Lakini itazame kwa jicho la msafiri. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa huko Wiesloch, kwa kuwa kituo cha mafuta hakikuwepo duniani. Mrija ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipolika, fundi viatu ndiye aliyezipigilia ngozi. Gari lilikuwa tayari. Kilichokosekana ni nchi iliyojiandaa kulipokea, na pengo hilo alilifunga kwa mikono yake, kilomita baada ya kilomita. Si kila mtu ni Bertha Benz, na safari haiwezi kuwa desturi ya watu wengi ikiwa kila anayetoka lazima awe shujaa.

Miaka ishirini baadaye, walioweza kulifunga pengo hilo walilifunga kwa fedha. Mwandishi Edith Wharton na mumewe Teddy waliizunguka Ufaransa kwa gari aina ya Panhard mwaka 1906 na 1907, safari moja wakiwa na mwandishi Henry James, na kitabu cha Edith kuhusu safari hizo kilitoka 1908. Usukani hawakuushika wao. Ulishikwa na dereva wao, Charles Cook, aliyejua pia kutengeneza injini. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mradi gari lilihitaji fundi wa kuajiriwa, hakukuwa na safari ya wawili. Kulikuwa na safari ya watatu, mmoja wao akiwa mtumishi anayesikia kila neno. Faragha ile ambayo leo tunaiona ni asili ya safari ya gari dogo, mmoja akiendesha na mwenzake akisoma ramani magotini, ilibidi isubiri.

Atakayesema kwamba ufundi wa gari pekee ungetosha kufungua njia na autazame mkoa wa Graubünden nchini Uswisi. Huko ndiko kuliko njia za milimani ambazo wapenzi wa magari ya wazi wa leo huzitaja kwa hamu: Julier, Albula, Bernina. Mwaka 1900 serikali ya mkoa iliyapiga marufuku magari kwenye barabara zake zote. Wenyeji walilalamikia vumbi, walihofia farasi wao kushtuka, na waliona kwamba barabara walizozijenga na kuzitunza kwa kodi zao zinataka kugeuzwa uwanja wa wageni wenye pesa. Suala lilirudishwa kwenye kura ya wananchi mara kumi, na marufuku ikadumu hadi 1925. Kwa robo karne, injini bora kuliko zote za Ulaya zilisimamishwa na wakulima wa mabondeni waliokuwa na haki ya kupiga kura. Wala siwaoni kuwa washamba waliokataa maendeleo. Vumbi lilikuwa kero ya kweli iliyotua juu ya nguo, mazao na mapafu, na dawa yake ilitoka kwa daktari, Mswisi Ernest Guglielminetti, aliyefanya majaribio ya kumwaga lami juu ya barabara za Monaco mwaka 1902. Lami ndiyo iliyomwezesha abiria wa gari la wazi kufika aendako akiwa na uso unaotambulika, na lami haimwagwi na mume na mke. Inamwagwa na serikali na halmashauri, kwa kodi za watu ambao wengi wao wakati ule hawakuwa na gari.

Mpaka nao ulikuwa na vumbi lake, la karatasi. Gari likivuka kutoka nchi moja kwenda nyingine lilihesabiwa kuwa bidhaa inayoingizwa, na bidhaa hulipiwa ushuru. Msafiri angeweza kuweka dhamana forodhani, fedha nyingi taslimu, na kurudishiwa atokapo. Vyama vya wenye magari vikabuni njia nyingine: chama kinamdhamini mwanachama wake, naye anabeba hati ambayo afisa forodha anaigonga muhuri na kuchana kipande wakati wa kuingia, kisha kingine wakati wa kutoka. Mkataba wa Paris wa 1909 uliongeza cheti cha kimataifa cha gari na dereva. Waingereza walikuwa na kikwazo cha ziada, bahari. Kampuni za reli zilizomiliki meli za kuvuka kwenda Ufaransa zilitoza gari nauli kubwa, hadi Kapteni Stuart Townsend alipoanzisha mwaka 1928 meli ya magari kati ya Dover na Calais kwa bei nafuu. Hata hapo gari lilinyanyuliwa kwa kreni kama gunia la nafaka. Kuingia melini kwa magurudumu yake lenyewe, pale Dover, kulikuwa jambo la kawaida tangu 1953 kituo kipya cha Eastern Docks kilipofunguliwa.

Lakini hati na meli vina faida gani kwa mtu asiye na siku za kusafiri? Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo, na hapa ndipo wapenzi wa magari hupita haraka mno. Hadi katikati ya miaka ya 1930, mfanyakazi wa kawaida wa Ufaransa aliyeacha kazi kwa wiki mbili aliacha pia mshahara wake. Mwezi Juni 1936, baada ya migomo mikubwa na ushindi wa Front Populaire, muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto, sheria ilimpa kila mfanyakazi wiki mbili za likizo zenye malipo. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1938, hafifu zaidi. Wiki ya tatu Ufaransa ilianzia kiwandani: mkataba wa Renault na vyama vya wafanyakazi vya kampuni hiyo uliitoa mwaka 1955, kisha sheria ya 1956 ikaieneza nchi nzima. Tazama vyema mahali pale. Renault ilikuwa ikiunda 4CV, gari dogo la watu wa kipato cha kati, ambalo liliuzwa pia katika umbo lenye paa la turubai la kukunjwa. Kiwanda kilekile kilichotoa gari kilitoa na wiki ya kulitumia, na wiki hiyo haikutoka kwenye meza ya mbunifu. Ilitoka kwenye meza ya majadiliano, upande mmoja wakiwa wafanyakazi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalikuja kwa mfululizo. Mwaka 1949 mkataba wa Geneva ulisawazisha kanuni za barabarani na leseni. Mwaka 1953 ulianza mfumo wa Kadi ya Kijani, unaoiwezesha bima iliyokatwa nchini mwako kumlipa uliyemgonga katika nchi ya jirani. Mwaka 1954 mkataba wa forodha uliirahisisha hati ya gari la mtalii. Italia iliwauzia wageni wenye magari kuponi za petroli kwa bei iliyopunguzwa. Sasa weka tarehe za magari yenyewe pembeni ya hizo. Fiat 500 mpya ya Dante Giacosa, yenye injini ya sentimita za ujazo 479 na turubai lililokunjwa hadi nyuma kabisa, ilizinduliwa Julai 1957. Austin-Healey Sprite, ambalo Waingereza waliliita Macho ya Chura kwa taa zake zilizotokeza juu ya boneti, lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Monte Carlo, Mei 1958. Lilikuwa na viti viwili, urefu wa kama mita tatu na nusu, injini iliyotokana na ya Austin A35, na buti lisilo na mlango: mizigo ilisukumwa ndani kupitia nyuma ya viti. Hakuna aliyebaki kuajiri dereva kwa gari kama hilo. Wala hapakuwa na mahali pa kumkalisha. Mume na mke walibaki peke yao, na walibaki peke yao kwa sababu fundi alikuwepo katika kila mji wa njiani, mafuta yalikuwepo, bima ilikuwepo, na afisa wa mpakani aliijua karatasi yao.

Kuna pingamizi zito la kujibiwa. Mtu anaweza kusema kwamba mikataba hiyo yote iliandikwa kwa sababu magari yalishakuwa mengi; kwamba biashara ilitangulia na serikali zikafuata. Michelin, kwa mfano, ilichapisha nakala zipatazo 35,000 za kitabu chake cha kwanza cha mwongozo mwaka 1900, wakati Ufaransa nzima ilikuwa na magari ya kuhesabika kwa maelfu machache, na ikaendelea kuchora ramani za nchi hiyo kabla serikali haijafikiria mtalii. Nalikubali sehemu yake. Wafanyabiashara walisukuma, na walisukuma kwa faida yao. Lakini msukumo si mlango. Michelin iliweza kuchora barabara, haikuweza kuifungua ile iliyofungwa na kura za Graubünden. Na vyama vya wenye magari, ambavyo ndivyo vilivyodai mengi, navyo ni watu wengi waliochanga ada na kusema kwa sauti moja. Touring Club de France, iliyoanzishwa na waendesha baiskeli mwaka 1890, ilipigania barabara za milimani ambazo leo wawili wanazipita wakidhani ni zawadi ya mazingira.

Jibu lenye nguvu zaidi liko mashariki. Mwaka uleule wa 1957 ambao Italia ilitoa Fiat 500, kiwanda cha Zwickau katika Ujerumani Mashariki kilianza kuunda Trabant, gari dogo la mwili wa plastiki na injini ya sentimita za ujazo 500. Zilitengenezwa zaidi ya milioni tatu. Wajerumani Mashariki walikuwa na gari, walikuwa na likizo, walikuwa na barabara, na walikuwa na mapenzi kama watu wengine wote. Waliendesha hadi Ziwa Balaton nchini Hungaria na hadi fukwe za Bulgaria. Paris hawakufika, wala Roma, kwa kuwa tangu Agosti 1961 serikali yao ilikuwa imejenga ukuta. Ikiwa gari ndilo lililoleta safari, Trabant lingefika Roma. Lilivuka kwa wingi usiku wa Novemba 9, 1989, likiwa na injini yenye moshi uleule. Kilichobadilika ni amri ya mpakani.

Mkono huohuo uliofungua uliweza kubana hata magharibi. Mwaka 1952 serikali ya Uingereza, ikihangaika na akiba yake ya fedha za kigeni, ilimruhusu mtalii kutoka na pauni 25 tu. Mwaka 1966 ilirudia kwa pauni 50 kwa mwaka, na mfumo wenyewe wa udhibiti haukufutwa hadi 1979. Katika miaka hiyo wawili wenye Sprite jipya na ramani mpya walipima umbali wa safari yao kwa kanuni za wizara ya fedha kabla ya kupima kwa kilomita.

Machi 26, 1995, nchi saba za Ulaya ziliacha kukagua pasipoti kwenye mipaka baina yao chini ya makubaliano ya Schengen. Kwetu Afrika Mashariki njia kama hiyo imeanza kwa bima: Kadi ya Njano ya COMESA humwezesha mwenye gari la Nairobi kuingia Arusha au Kigali bila kukata bima mpya kila mpaka. Na kwa mume na mke wa Mombasa au Tanga wanaotaka kukodi gari dogo la wazi na kuipanda njia ya Julier, ambayo mwaka 1924 ilikuwa bado chini ya marufuku ya magari, karatasi bado hutangulia injini: viza ya Schengen, inayoombwa kabla ya safari, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180.