Mgeni wa Siku Tatu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii nimewafundisha watoto wengi, lakini hapa kwetu Karatu ni vigumu kuitumia, kwa kuwa wageni wetu hawafikishi hata hizo siku mbili. Gari hutoka Arusha, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu na kuingia Karatu jioni. Wageni hula, hulala, na alfajiri wamekwisha pita lango la Lodoare kuelekea Ngorongoro. Siwalaumu. Ada ya kuingia hulipwa kwa saa 24, na mwenye kulipa hapendi kupoteza saa.

Miaka michache iliyopita mjukuu wangu, afanyaye kazi katika nyumba ya wageni, aliniletea mama mmoja wa Kiholanzi, mtu wa umri wangu. Kundi lake lilikuwa bado halijafika. Yeye alikuwa ametangulia siku tatu kwa makusudi. Alinieleza kuwa kwao msafiri anayetaka kupanda meli ya kitalii katika mto Rhine aghalabu hufika Amsterdam siku mbili tatu mapema. Hutembea kwa miguu, hutazama nyumba za kale, huketi na wenyeji, ili siku ya kupanda meli ajue anapita katika nchi ya nani. "Nikaona hata huku nifanye vivyo hivyo," akasema.

Siku ya kwanza nilimpeleka kwa jirani yangu, mzee wa Kiiraqw, kabila ambalo wengi huliita Wambulu. Mzee alimweleza jinsi babu zao walivyojenga nyumba kwa kuchimba ubavu wa kilima, paa likawa sawa na ardhi, ili Wamaasai waliokuja kuteka ng'ombe wasiione kwa mbali. Walikuwa wakiishi kwa kubanana huko Kainam, katika milima ya Mbulu. Nguvu ya Wamaasai ilipovunjika mwishoni mwa karne ya 19, ndipo walipoanza kuenea upande wa kaskazini hadi huku Karatu.

Siku ya pili tulikwenda Oldeani kuona mashamba ya kahawa. Huko walowezi wa Kijerumani walipewa ardhi katika miaka ya 1920, ingawa nchi ilikuwa tayari chini ya Waingereza. Vita vilipoanza mwaka 1939 wengi wao walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Mibuni ikabaki.

Siku ya tatu, kwa kicheko, mke wangu alimpa jembe. Alipalilia mahindi na mbaazi pamoja nasi, na hakuwa mvivu. Tulipopumzika chini ya mti akaniuliza: "Na ndani ya kreta, Mwalimu, walikuwa wakiishi akina nani?"

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu swali hilo nilikwisha kuulizwa zamani, nami nikalijibu vibaya.

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu si siku nyingi. Katika darasa langu aliingia mtoto wa Kimaasai aliyekuja kukaa kwa mjomba wake. Familia yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizoondolewa mwaka huo katika sakafu ya kreta. Katika mtihani wa historia niliuliza: Nani aligundua kreta ya Ngorongoro? Jibu nililolitaka lilikuwa Oscar Baumann, yule Mwaustria aliyeshuka humo mwezi Machi 1892. Mtoto yule aliandika neno moja tu: "Babu." Nikampiga mkasi. Alinifuata ofisini na karatasi yake mkononi, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, yule mzungu alipofika, babu yangu alikuwa wapi?" Nikamwambia arudi darasani. Nchi yetu ilikuwa huru kwa zaidi ya miaka kumi, lakini daftari langu la maandalio lilikuwa bado halijapata uhuru.

Basi chini ya mti ule nilimjibu mgeni kama nilivyopaswa kumjibu mtoto. Baumann hakukuta pori tupu. Aliwakuta Wamaasai, wamekonda kwa njaa, maana sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wao. Na kabla ya Wamaasai walikuwako Wadatoga, waliosukumwa kutoka huko na hata leo wanayaheshimu makaburi ya wazee wao yaliyomo ndani ya kreta. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndugu wawili wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, walifuga na kulima humo hadi Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1959 Wamaasai waliotoka Serengeti waliahidiwa kuwa katika eneo jipya la Hifadhi ya Ngorongoro wataishi na mifugo yao pamoja na wanyamapori. Miaka kumi na mitano baadaye wakatolewa katika sakafu ya kreta. Na kama tunataka kumtafuta wa kwanza kabisa, huko Laetoli zilifukuliwa mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Hao nao hawakumsubiri Baumann.

Kesho yake kundi lilifika, naye akaondoka nalo alfajiri. Jioni alipita kuniaga. Aliwaona simba, faru na nyumbu wengi, akafurahi sana. Kisha akasema kwamba wenzake walisifu jinsi mahali pale palivyobaki bila kuguswa na mtu, lakini yeye kila alipoona uwanda mzuri karibu na maji alijiuliza boma lilikuwa upande gani.

Sijui kama neno hilo linamsaidia mtu yeyote wa Ngorongoro. Tangu Juni 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema wanakwenda kwa hiari, na wako wenyeji wanaosema sivyo. Mimi si hakimu wao. Najua tu kwamba ni rahisi kumhamisha mtu ambaye tumekwisha kumfuta katika masomo yetu, na kazi ya kumfuta niliifanya kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino mwekundu.

Kwa hiyo namshauri kila anayekwenda kreta, awe mgeni wa mbali au Mtanzania mwenzangu, akae Karatu siku mbili kwanza, na ya tatu akiweza ashike jembe. Wanyama watamngoja. Wazee hawangoji, na jirani yangu yule tumekwisha mzika.

Mtoto wa mwaka 1974 sikumwona tena. Siku nitakayomwona, nitamwomba karatasi yake nimrudishie alama yake.