Sare Iliyopelekwa kwa Fundi

Wageni wakifika Ikoma huulizia boma la Wajerumani na njia ya kwenda kuona nyumbu. Mimi ukiniuliza historia ya huku nitakupa ya manesi, maana ndiyo niliyoila chumvi yake hadi nikastaafu.

Wamisionari Wamenonaiti walifika Shirati, katika mkoa wetu huu huu, mwaka 1934, wakafungua hospitali, na baadaye chuo cha wauguzi. Sisi tuliingia kazini baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilipokuwa ikijenga zahanati na vituo vya afya vijijini. Tulikuwa wembamba kama fimbo za wachungaji. Chanjo leo kijiji hiki, kesho kile, kwa miguu, na jioni ugali wa mtama kwa mlenda. Lakini si miguu tu iliyotulinda. Nyumba za watumishi zilipakana. Ukitoka leba mzazi amekufia mikononi, unakuta mwenzako ameshakubandikia maji ya kuoga, na haondoki mpaka usingizi ukuchukue. Jirani zetu Wakurya walilimiana mashamba kwa risaga. Risaga yetu ilikuwa zamu.

Mwaka 1993 Serikali ilisimamisha ajira mpya. Waliostaafu hawakupata wa kushika nafasi zao, na miaka hiyo hiyo UKIMWI ulikuwa ukijaza vitanda. Nesi aliyezoea kukesha na mwenzake akabaki peke yake na wodi nzima. Saa tisa usiku, mgonjwa wa mwisho ametulia, unafanyaje? Unakunywa chai yenye sukari ya kutosha, na andazi, na la pili. Baadaye zikaja soda na chipsi mayai. Usiku mwili huimudu sukari vibaya kuliko mchana, na aliyekosa usingizi huona njaa hata kama ameshiba. Mtaani wanakusifu: “Nesi, mshahara umekukubali!” Sare tukazipeleka kwa fundi zitanuliwe ubavuni, presha tukapimana wenyewe kwa wenyewe, mlango umefungwa.

Hatukuwa peke yetu. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa miaka 25 hadi 64 wamezidi uzito.

Siku hizi manesi huitwa semina, waambiwe wapunguze wanga. Habari za wanga wanazijua. Ndizo wanazofundisha kliniki kila wiki. Ninyi wa halmashauri, mpangieni nesi mwenzake wa usiku kwanza, ndipo mje na mizani.